Hideyo Noguchi: Mwana wa mkulima aliyekosea mbele ya dunia, akafia Accra akisaka ukweli

Ukiwahi kumsindikiza rafiki au ndugu uwanja wa ndege akienda kutafuta riziki ng'ambo, huenda umeiona ile kadi ya manjano anayoibana ndani ya pasipoti. Anaichunga kama roho yake. Bila hiyo kadi, kuna nchi ambazo hatakanyaga, hata awe na viza, tiketi na baraka za ukoo mzima. Ni ushahidi kwamba amechanjwa dhidi ya homa ya manjano. Sindano moja tu, na tangu 2016 kadi hiyo inatambulika kimataifa maisha yako yote.

Wengi wetu tunaichukulia kadi hiyo kama usumbufu mwingine wa safari. Foleni, pesa, mkono unaouma siku mbili, basi. Lakini nyuma yake kuna watu waliokufa wakiwa kazini, na mmoja wao ni jamaa ambaye stori yake imenikaa kichwani tangu nilipoisoma. Anaitwa Hideyo Noguchi. Kwao Japani picha yake ilikuwa kwenye noti ya yeni 1,000 kuanzia 2004 hadi noti mpya zilipotoka 2024. Huku kwetu, Mkenya mwenzako amepewa tuzo yenye jina lake. Nitakuja kwa hilo baadaye.

Kwanza nikwambie kwa nini nimemchagua yeye. Noguchi hakuwahi kusomea chuo kikuu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata, kwa hiyo ukiniambia kuna mwanasayansi mkubwa aliyepitia mlango wa nyuma, lazima nitege sikio. Ila usitarajie hadithi ya msoto uliogeuka utajiri, wote tukapiga makofi. Huyu alipanda hadi kileleni, akakosea hapo juu dunia nzima ikimtazama, kisha akasafiri maelfu ya kilomita hadi Afrika Magharibi kulifuata kosa lake. Likamuua.

MOTONI

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1876 katika kijiji cha wakulima karibu na ziwa Inawashiro, mkoa wa Fukushima. Jina lake la kwanza lilikuwa Seisaku. Nyumba zao zilikuwa na moto wa kupikia katikati ya chumba, kwenye shimo sakafuni. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, mama yake akiwa na shughuli zake, mtoto akatumbukia motoni. Mkono wa kushoto uliungua vibaya. Vidole vilishikana, vikajikunja, mkono ukabaki kama rungu.

Baba alipenda chupa kuliko jembe. Mzigo wote wa nyumba ukamwangukia mama, Shika. Mama huyo alilima, akabeba mizigo ya watu kwa malipo, akajinyima. Alijua kwamba mwana mwenye mkono ule hangeweza kushika jembe, kwa hiyo akaamua kwamba huyu atasoma. Wewe uliyelelewa na mama anayeamka saa kumi usiku kwenda Marikiti au Wakulima, huhitaji nikueleze zaidi. Unamjua Shika. Unaishi naye.

Shuleni wenzake walimcheka na kumpa majina kwa sababu ya ule mkono. Lakini mwalimu mmoja, Kobayashi Sakae, aliona kilichokuwa ndani ya kichwa chake, akamsaidia kuendelea na masomo. Mnamo 1892 walimu na wanafunzi wenzake walichanga pesa, harambee kabisa kama tunayoijua hapa, ili mkono ufanyiwe upasuaji. Daktari Watanabe Kanae, aliyekuwa amesomea Marekani, akavitenganisha vidole. Haukurudi kuwa mkono kamili, ila sasa ungeweza kushika kitu.

Kijana alitoka pale na wazo moja tu: naye atakuwa daktari. Akabaki kwenye kliniki ya huyo huyo Watanabe kama msaidizi, akijifunza udaktari na lugha za kigeni usiku wakati wengine wamelala.

MTU WA RAHA PIA

Mnamo 1896 alienda Tokyo. Wakati huo Japani ilikuwa na njia ya kupata leseni ya udaktari kwa kufanya mtihani wa serikali, hata kama hukupitia chuo kikuu. Noguchi aliufanya na 1897 akaupita, akiwa na miaka 20. Aliyembeba kipindi hicho ni daktari wa meno aliyeitwa Chiwaki Morinosuke, aliyempa kazi, malazi na hela.

Na hizo hela, ndugu yangu, zilikuwa zikiyeyuka. Usije ukadhani huyu alikuwa mtakatifu wa kushinda na kitabu. Alipenda pombe, alipenda starehe, na akipata pesa leo kesho hana. Mwaka 1898 alisoma riwaya moja ya wakati huo kuhusu mwanafunzi wa udaktari mwenye kipaji aliyejiharibia maisha kwa anasa. Jina la mhusika huyo lilikaribiana mno na lake, na tabia pia. Alishtuka kiasi cha kubadilisha jina. Seisaku akawa Hideyo.

Jina lilibadilika, lakini mfuko ulibaki na tundu. Alipopanga kwenda Marekani, alipokea pesa kutoka kwa familia ya binti aliyekuwa amemchumbia, kisha akazitumbua nyingi katika karamu ya kuaga marafiki huko Yokohama. Chiwaki ilimbidi akope kwa riba ili kijana apate nauli nyingine. Binti mwenyewe hakuolewa naye. Chiwaki aliumia kwa ajili yake, na binti aliachwa akisubiri. Tukimsifu Noguchi, tuwakumbuke na hao waliolipa.

KUBISHA HODI BILA KUALIKWA

Kabla ya safari hiyo alikuwa amefanya kazi katika taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Kitasato Shibasaburo, mtaalamu mkubwa wa bakteria. (Kwa taarifa yako, noti mpya ya yeni 1,000 ya 2024 ina picha ya Kitasato. Bosi amechukua nafasi ya aliyekuwa mfanyakazi wake.) Pale wenzake walikuwa na digrii za vyuo vikubwa, yeye hana, na aliwekwa zaidi kwenye vitabu na ukalimani. Basi mwaka 1899 akapewa kazi ya kumtafsiria mgeni kutoka Marekani, Simon Flexner. Katika maongezi, mgeni akasema maneno ya heshima ambayo wageni husema, kwamba siku moja wakutane kule.

Noguchi aliyachukua maneno hayo kama mkataba. Desemba 1900 Flexner alijikuta na kijana Mjapani mlangoni pake Philadelphia, hana kazi, hana pesa, hana mpango wa pili. Hakukuwa na nafasi ya kumwajiri. Flexner akamtafutia shughuli ambayo hakuna aliyeigombania: kufanyia utafiti sumu ya nyoka. Fikiria. Mtu mwenye mkono mmoja mzima anapewa kazi ya kukamua sumu ya nyoka hai. Hakufa moyo. Alifanya kazi hiyo kwa bidii iliyowashangaza wote, na 1909 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu sumu za nyoka.

Kuanzia 1904 alikuwa New York, katika Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba, ambayo Flexner alikuwa akiiongoza. Hapo ndipo alipofanya kazi iliyosimama hadi leo. Wakati huo hospitali za wagonjwa wa akili zilijaa watu waliopooza polepole huku akili zikiwatoka, na chanzo kilishukiwa tu. Mwaka 1913 Noguchi, akishirikiana na J. W. Moore, alikaa na hadubini akichunguza vipande vya ubongo wa wagonjwa 70 waliokufa hivyo, na katika zaidi ya 10 akawaona wadudu wa kaswende wakiwa mle mle ndani. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa kwamba ugonjwa uliodhaniwa ni wa roho au wa tabia ulikuwa maambukizi kwenye ubongo. Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel. Hakuipata.

Lakini kipindi hicho hicho kuna ukurasa mchafu. Alitengeneza kipimo cha ngozi cha kutambua kaswende, kwa kutumia wadudu waliouawa kwa joto. Ili kukijaribu, watu wapatao 400 walidungwa, miongoni mwao wagonjwa wa hospitali na watoto yatima ambao hawakuwa na kaswende kabisa. Hawakuombwa ruhusa. Kelele zilipopigwa magazetini 1912, wakubwa wake walimtetea wakisema kipimo hakina madhara na kwamba yeye na wenzake walijidunga kwanza. Sawa, labda. Lakini mtoto yatima hakuwa na wa kumsemea, na ndiyo maana alichaguliwa. Leo ukienda kliniki ukaombwa kujiunga na utafiti, ukapewa karatasi ya idhini uisome na uitie sahihi, usiione kama urasimu. Kuna watoto waliodungwa bila kuulizwa kabla dunia haijaona umuhimu wa karatasi hiyo.

BARUA YA MAMA

Wakati mwana anapaa New York, Shika alikuwa bado kijijini, na hakuwa amesoma. Mnamo 1912 alijikaza, akajifunza kuumba herufi uzeeni, akamwandikia mwanawe barua. Mwandiko umepinda, makosa ni mengi, na ujumbe ni mmoja unaorudiwa tena na tena: njoo nyumbani, njoo upesi, mama anakungoja. Barua hiyo imehifadhiwa Japani hadi leo na watu huenda kuitazama.

Hakurudi mara moja. Alirudi 1915, akiwa na umaarufu, akapokelewa kama shujaa na kupewa tuzo ya Akademia ya Kifalme. Alizunguka na mama yake kwa siku chache zilizojaa hotuba na karamu, kisha akaondoka. Hakumwona tena. Shika alifariki Novemba 1918. Kama una mama kijijini na umemwambia utaenda Krismasi, hebu nenda.

UGONJWA UNAOSHAMBULIA INI

Sasa tufike kwenye homa ya manjano. Ugonjwa huu huenezwa na mbu, na hilo lilithibitishwa Havana mwaka 1900 na timu ya Walter Reed, iliyofuata wazo ambalo Carlos Finlay wa Kuba alikuwa amelisema tangu 1881. Ukishambuliwa, unaanza na homa, kichwa na mgongo kuuma. Wengi hupona hapo. Kwa wachache, ugonjwa hurudi kwa kishindo na kulivamia ini. Ini ndicho kiwanda cha mwili: linatengeneza nyongo ya kumeng'enya mafuta, linachuja sumu, linatengeneza vitu vya kugandisha damu. Likiharibika, uchafu wa manjano unajaa kwenye damu, macho na ngozi vinabadilika rangi. Damu haigandi, inavuja tumboni, na mgonjwa anatapika matapishi meusi. Karibu nusu ya wanaofika hatua hiyo hufa.

Shida ni kwamba kuna magonjwa mengine yanayogeuza macho manjano. Mmoja ni ule unaoletwa na bakteria mwembamba aliyejikunja kama chemchemi, anayeitwa leptospira. Hutoka kwenye mkojo wa panya na kumwingia mtu kupitia maji machafu. Kwa macho tu, mgonjwa wa huyu na mgonjwa wa yule wanaweza kufanana kama mapacha.

Mwaka 1918 Wakfu wa Rockefeller ulimtuma Noguchi katika mji wa bandari wa Guayaquil, Ecuador. Baada ya wiki chache tu akatangaza kwamba amekipata chanzo: leptospira mpya, aliyempa jina la icteroides. Dunia ilishangilia. Alitengeneza chanjo na dawa ya damu, maelfu ya watu wakadungwa. Alienda Mexico, Peru na Brazil akiwa bingwa wa homa ya manjano.

Umeshaona kosa lilipo? Baadhi ya wagonjwa alioletewa walikuwa na ugonjwa wa panya, wala si homa ya manjano. Alichokiona kwenye hadubini kilikuwepo kweli, hakudanganya. Alikosea mgonjwa.

Wapo waliomwambia. Daktari wa Kuba, Aristides Agramonte, aliyekuwa kwenye timu ya Reed, alimpinga hadharani. Timu hiyo ilikuwa imeonyesha tangu 1901 kwamba chanzo ni kitu kidogo sana kinachopenya vichujio vinavyonasa bakteria wa kawaida, yaani kile tunachokiita leo kirusi. Kisha 1926 Max Theiler na Andrew Sellards wakaonyesha kwamba icteroides na bakteria wa ugonjwa wa panya ni kitu kimoja. Chanjo yake ikaachwa.

Jiweke pale. Una miaka 49. Jina lako liko kwenye vitabu, umepewa medali na nchi kadhaa, na watoto wa juzi wamethibitisha kwamba ulichosifiwa kwacho hakipo. Ungefanya nini? Wengi wetu tungeanza kutafuta wachawi.

ACCRA

Wakati huo tume ya Rockefeller ilikuwa Afrika Magharibi, makao yake yakiwa Yaba, Lagos. Juni 1927, huko Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, walitoa damu ya kijana wa miaka 28 aliyekuwa na homa. Aliitwa Asibi. Damu hiyo ilidungwa tumbili wa aina ya rhesus, akafa kwa homa ya manjano. Hatimaye kulikuwa na mnyama wa kufanyia utafiti, na kilichopatikana mle kilikuwa kirusi. Leptospira hakuonekana. Asibi mwenyewe alipona. Lakini mmoja wa wanasayansi walioongoza kazi hiyo, Adrian Stokes kutoka Ireland, aliambukizwa maabarani na kufa Lagos Septemba 1927.

Noguchi angeweza kubaki New York aandike barua za kujitetea. Badala yake alipanda meli. Alifika Accra Novemba 1927. Hakujiunga na wenzake wa Lagos. Alipewa nafasi katika maabara ya daktari Mwingereza, William Alexander Young, akanunua tumbili kwa mamia, akafanya kazi hasa usiku, akilala kidogo kama alivyozoea tangu ujana. Alitafuta leptospira wake. Hakumpata.

Mapema 1928 aliugua homa, akapona. Akajiaminisha kwamba hiyo ilikuwa homa ya manjano, kwa hiyo sasa ana kinga na hana la kuogopa. Aliendelea kushika damu na viungo vya tumbili wagonjwa siku baada ya siku, katika chumba kilichojaa wanyama na mbu wa majaribio. Mei 1928, akiwa anajiandaa kurudi New York, alisafiri hadi Lagos kuonana na wenzake. Aliporudi Accra alikuwa anatetemeka kwa homa. Tarehe 21 Mei 1928 alifariki, akiwa na miaka 51. Uchunguzi wa maiti ulionyesha homa ya manjano, ile halisi, ya kirusi. Kwa hiyo ile ya mwanzo haikuwa yenyewe. Hakuwa na kinga yoyote.

Young, aliyempa nafasi na kushiriki uchunguzi wa mwili wake, aliugua na kufa siku chache baadaye. Mwaka uliofuata Paul Lewis wa Rockefeller alikufa kwa ugonjwa huo huo Bahia, Brazil. Mwaka 1930 Theodore Hayne akafa Lagos. Theiler naye aliambukizwa maabarani Marekani, ila akanusurika. Maabara ilikuwa imegeuka mahali pa kuuguzwa na kazi yako. Watafiti walijifunza kwa maiti za wenzao kwamba kirusi hiki hakihitaji mbu kukuingia. Damu ya mnyama mgonjwa kwenye ngozi yenye mchubuko inatosha.

Mwili wa Noguchi ulipelekwa New York, ukazikwa makaburi ya Woodlawn, Bronx. Mkewe Mary Dardis, waliyeoana 1912, amezikwa naye.

KILICHOBAKI

Sasa rudi kwenye ile kadi ya manjano. Mwaka 1937 Theiler na wenzake walitangaza chanjo inayoitwa 17D. Walikuwa wamechukua kirusi kilichotoka katika damu ya Asibi, wakakikuza mara nyingi maabarani hadi kikapoteza ukali wake lakini kikabaki na uwezo wa kuufundisha mwili kujikinga. Theiler alipewa Tuzo ya Nobel 1951. Chanjo hiyo hiyo, kizazi cha damu ya kijana wa Gold Coast, ndiyo unayodungwa hadi sasa. Asibi hakupewa noti wala medali. Angalau wewe sasa unalijua jina lake.

Na usidhani haya ni ya watu wa mbali. Homa ya manjano ilizuka Kerio Valley na Baringo mwaka 1992 hadi 1993. Ikarudi Isiolo mwaka 2022, watu wakafa. Mbu wapo, tumbili wapo, na kirusi kipo msituni kikisubiri watu wasiochanjwa.

Mwaka 2006 Japani ilianzisha tuzo kwa heshima ya Noguchi kwa wanaopigana na magonjwa barani Afrika. Ilitolewa kwa mara ya kwanza 2008, yeni milioni 100 kwa kila mshindi. Mmoja wa wale wawili wa kwanza alikuwa daktari wetu Miriam Were, aliyetumia maisha yake kupeleka afya kijijini kupitia wahudumu wa jamii na vyoo vya shimo, vitu ambavyo havitrendi lakini vinazuia mtoto kufa kwa kuhara. Aliyeshinda pamoja naye alikuwa Brian Greenwood, mtafiti wa malaria. Baadaye akaja Jean-Jacques Muyembe wa Kongo, aliyekuwa Yambuku mwaka 1976 kirusi cha Ebola kilipoonekana kwa mara ya kwanza, akashika damu ya wagonjwa bila glavu na akaponea chupuchupu. Francis Omaswa na Alex Coutinho wa Uganda nao wamo kwenye orodha. Na pale Legon, Ghana ina taasisi ya utafiti yenye jina la Noguchi tangu 1979.

Najua utauliza: mtu aliyekosea hivyo, kwa nini apewe tuzo, noti na taasisi? Nami nilijiuliza. Jibu langu ni kwamba kukosea hakukumzuia kwenda kuangalia tena. Watu wengi wenye cheo hulinda kosa lao hadi kaburini. Yeye alienda mahali ambapo jibu lingepatikana, hata kama jibu lingemvua nguo. Lakini pia sitaki kumpamba. Ubishi wake ulichelewesha wengine kwa miaka. Haraka yake iliwapa maelfu ya watu chanjo isiyowakinga. Watoto yatima hawakuulizwa. Na kujiamini kwake kwamba ana kinga kulimfanya awe mzembe. Yote hayo ni yeye, pamoja na ule mkono, zile usiku na ile barua.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni lako moja kwa moja. Kama uko kwenye mafunzo ya nyanjani hospitalini, unafagia wodi, unafua mashuka, unatoa damu maabarani, unaokota taka au unashika wembe kinyozi, kazi yako inakukutanisha na damu ya watu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinakaa humo, kinaingia kwa tundu la sindano, na kikishaingia kinaweza kulila ini lako polepole kwa miaka bila wewe kuhisi lolote. Chanjo yake ipo, kwa kawaida dozi tatu. Muulize mwajiri wako kama umechanjwa. Omba glavu. Ukijidunga kwa bahati mbaya, ripoti siku hiyo hiyo, usione aibu, usijiambie wewe ni mgumu.

Noguchi alijiambia ana kinga, na hakupima. Wewe pima.